Sanduku la Moshi

Sisi tuliokulia kambi ya reli pale Kamina, wakati honi ya mashini ya treni ndiyo iliyotuamsha na ndiyo iliyotulaza, tukikutana siku hizi hatuna haja ya habari za siasa. Tunaulizana mambo ya maana. Unakumbuka masizi ya makaa kwenye shuka nyeupe zilizoanikwa? Unakumbuka uji wa shule uliojaa madonge, na mwalimu akituambia madonge ndiyo yenye nguvu? Tukishacheka mpaka kufuta macho, lazima atokee mmoja anigeukie: "Numbi, na ile imbwa yenu?" Hapo wenzangu wanaanza kucheka upya. Mimi nacheka nao, lakini ndani nashtuka, vilevile nilivyoshtuka siku ile nikiwa na mashavu yaliyovimba, nimekaa mbele ya sanduku.

Mjukuu wangu ana mbwa anayelala juu ya godoro. Nasema godoro, na shuka juu yake. Anampikia wali, anampiga picha akila, kisha anazituma picha hizo kwa watu ambao wenyewe sijui wamekula nini. Juzi alinieleza, taratibu, kwa sauti ile vijana wanayoitumia kwa wazee na kwa wagonjwa, kwamba mbwa mdogo hufundishwa kutochafua nyumba, na kwamba yeye amejifunza hayo kwenye simu. Nilimwacha aongee, nikanywa chai yangu. Hakuniuliza kama ninajua lolote.

Nyumba zetu za kambini zilikuwa za matofali, zimepangwa mstari mmoja kama mabehewa, na kila asubuhi kila ua ulifagiliwa mpaka ukabaki na mistari ya ufagio. Sisi wasichana tulicheza kwa kokoto tulizookota kando ya reli, tukirusha moja juu na kukwapua nyingine chini kabla ile ya kwanza haijarudi. Wavulana walikimbiza ringi za baiskeli kwa kijiti huku wakilia treni kwa midomo. Jioni harufu ya sombe, majani ya muhogo, na ya samaki wakavu wa Lualaba ilipita ua hadi ua, na ungejua jirani anakula bukari, ugali wetu, na nini bila kuchungulia. Wazazi wetu walitoka kila upande, huyu Mluba, yule Msonge, yule Mbemba, lakini sisi tulikuwa watoto wa reli tu, na hatukuona ajabu yoyote katika hilo.

Mama yangu alilelewa misheni, na alitoka huko na mambo mawili: nyimbo za kanisa, na chuki kubwa dhidi ya uchafu. Sakafu yetu ya saruji nyekundu aliipaka nta na kuisugua kwa magoti mpaka ukaona miguu ya meza mara mbili. Hakuna mguu uliovuka kizingiti bila kufutwa. Daktari mwenyewe alipokuja kutuchanja aliambiwa afute viatu, akafuta. "Nyumba ya mukristu inajulikana ku harufu," ndivyo alivyotuambia kila siku ya Mungu, akinusa hewa. Wamama wa kanisa walipotafuta pa kufanyia maombi ya katikati ya juma, walichagua kwetu, na mama alitembea na heshima hiyo kichwani kama ndoo iliyojaa maji.

Baba alikuwa mashinisti, dereva wa treni, lakini si wale wa kwenda mbali. Yeye aliendesha mashini ya kupanga mabehewa hapo hapo yadi, mbele na nyuma, mbele na nyuma, tangu asubuhi hadi jioni. Kila mashinisti wakati ule alikuwa na mkono wake kwenye honi, namna yake ya kuiliza. Wale wapenda sifa waliiliza kwa mbwembwe. Mkono wa baba ulikuwa mlio mmoja mrefu ulioanzia chini ukapanda, halafu miwili mifupi, haraka haraka. Aliutumia kila alipotaka kuondoa mashini, ili wafungaji wa mabehewa watoe miguu na vidole vyao njiani. Tuliusikia mara nyingi kwa siku hata hatukuusikia tena. Ule wa mwisho wa jioni tu ndio mama aliousikia, akaweka maji ya bukari motoni.

Baba alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Sikumbuki kumwona akicheka mpaka meno yaonekane. Kwa hiyo mnaweza kufikiria macho yalivyotutoka jioni aliporudi kazini, akafungua mfuko wake wa chakula, na badala ya sufuria tupu akatoa mtoto wa mbwa.

Mashinisti mwenzake alikuwa amehamishwa kwenda stesheni nyingine, naye hakutaka kusafiri na mbwa. Kalikuwa kadogo, rangi ya moshi, masikio makubwa kuliko uso. Nilikapenda hapo hapo, kabla hakajafungua macho vizuri kututazama. Tukakaita Moshi.

Mama aliweka mkono mdomoni. "Imbwa? Ndani ya nyumba?"

Msimwone mbaya. Enzi zile mbwa alikuwa wa nje. Kule Kabongo, kwa babu yangu, mbwa walikuwa wawindaji, wenye njuga shingoni, na walilala walipopata. Lakini kambini palikuwa na sheria: mbwa aliyezurura bila kamba alipigwa risasi, na hapakuwa na wa kumlilia mbele ya askari. Nao ua wetu ulikuwa wa maua mafupi, hata kuku aliruka. Basi baba akaleta sanduku la mbao lililokuja na vyuma vya mashini, lenye nafasi kati ya mbao za kupitisha hewa na maandishi mekundu ubavuni. Akalipigilia mlango mdogo wenye bawaba, akalitandikia gunia, akaliweka ndani, karibu na mlango wa nyuma.

"Itakaa humu mupaka ikomale," alisema.

"Na mavi yake?" mama akauliza.

"Nitaifundisha. Kila kintu kinafundishwa na sinyali. Mashini iko chuma tupu na inasikia. Hii iko na masikio mbili, itashindwa namna gani?"

Akaifundisha kweli, kwa ishara, na hiyo ndiyo ajabu yenyewe. Alikuwa na filimbi ya bati ya kazini, ile ya kuitia wafungaji wa mabehewa. Asubuhi kabla ya kazi alimtoa Moshi sandukuni, akamweka kwenye nyasi karibu na ukuta wa choo, akapuliza filimbi: mmoja mrefu, miwili mifupi. Akangoja. Akapuliza tena. Moshi alipokojoa, baba aliinama na kumpa kipande cha samaki mkavu. Jioni vivyo hivyo. Haukupita muda mrefu, Moshi akawa anakojoa filimbi ikilia tu, kisha anakaa kitako anainua uso kudai samaki wake. Majirani walikuja kutazama. Baba hakujisifu, ila siku hizo alivaa kofia yake ikiwa imelala upande kidogo.

Furaha ile haikudumu. Baba akishaenda kazini, Moshi alichafua sanduku. Mara moja, mara mbili, kila siku ya kazi. Mama alilitoa gunia, akalifua, akalianika, akasugua mbao kwa majivu na maji ya moto. Hajakaa chini, harufu hiyo tena. Tulishangaa wote. Usiku kucha sanduku lilikuwa kavu. Baba akiwa nyumbani, kavu. Baba akitoka tu, gunia limelowa.

Mama alitafuta maana ya jambo hilo, akaipata, na ikamuuma.

"Hii imbwa inaheshimu baba yenu," alituambia, kwa Kiswahili chetu cha Kamina, ambacho mimi ni minyi na ndiyo ni njo. "Minyi inanizarau. Inajua kabisa minyi njo ninafua."

Baba naye alipopewa ripoti kila jioni, alifanya walivyofanya watu wote wa wakati ule: alimshika Moshi shingoni, akamsukuma pua kwenye gunia, akampiga kofi. Moshi alipiga kelele, akajikunja, halafu akamtazama baba kwa macho ambayo mpaka leo siwezi kuyaeleza vizuri. Hayakuwa macho ya mwizi aliyekamatwa. Mimi niliyaona, na nililia chini ya shuka.

Kisha ikaja siku ya maombi. Wamama wa kanisa walikuwa wamekaa kwetu, vitambaa vyeupe kichwani, sakafu inang'aa, mama amevaa nguo yake ya bluu ya mikono mirefu. Sanduku lilikuwa limefunikwa kitambaa cha meza chenye maua, usingejua ni sanduku. Mimi nilikuwa nimetoka shule, nimesimama mlangoni nikingoja chai igawiwe, maana baada ya maombi yalifuata maandazi. Mke wa shemasi alikuwa anaomba. Aliombea wagonjwa, akaombea wasafiri, akaanza kuombea nyumba ile na usafi wake. Huko yadi honi ililia, kama kawaida. Hakuna aliyeijali. Na harufu ikapanda kutoka chini ya kitambaa cha maua, taratibu, ikawafikia walio nyuma, ikawafikia walio mbele.

Mke wa shemasi alifungua jicho moja. Nililiona. Akasema Amina mahali ambapo hapakuwa na Amina, akakumbuka kwamba ameacha kitu motoni. Wengine nao wakakumbuka vyao. Maandazi yalibaki yote kwenye sinia. Mama alisimama katikati ya sakafu yake nyekundu, na mimi nilitamani ardhi inimeze pamoja na Moshi.

Jioni ile hapakuwa na kelele. Mama alisema tu, akimwangalia baba machoni, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi: "Baba Numbi, Banza anarudia Kabondo siku ya tano. Hii imbwa itaenda naye."

Banza alikuwa mjomba wangu, ndugu yake mama. Alikuwa amekuja kutoka Kabondo-Dianda kuuza samaki, na alilala kwetu. Mtu mwema, mcheshi, lakini hakujua kusema uongo hata kwa mtoto. Nilimwuliza: Moshi atafanya nini kule?

"Kuwinda," alisema.

"Na akishindwa?"

Mjomba alijikuna ndevu. "Mutoto, kwetu imbwa isiyo na kazi haikawie. Kama haiko mamba, iko chui. Kama haiko chui, iko njaa."

Nilimtazama baba. Baba alitazama sahani yake. "Sawa," alisema, na hakumaliza bukari.

Kesho yake niliamka na matumbwitumbwi. Mashavu yalivimba, shingo ikapotea. Mama alinipaka masizi ya chungu kutoka sikio hadi sikio, dawa yetu ya siku zile, akanikataza shule. Akaenda nyuma kufua, gunia la Moshi likiwa la kwanza. Mimi nikachukua mkeka wangu, nikaulaza mbele ya sanduku. Nilitaka kumuaga. Niliingiza vidole kati ya mbao, akavilamba, akalala na pua yake juu ya vidole vyangu. Alilala kabisa, akikoroma kidogo.

Honi ikalia kutoka yadi. Mmoja mrefu uliopanda. Miwili mifupi.

Moshi aliamka kwa ghafla. Alisimama, akatazama mlango wa nyuma. Ulikuwa umefungwa. Akanitazama mimi, akalia kidogo puani, akazunguka mara moja ndani ya nafasi ile finyu. Kisha akachuchumaa, akakojoa juu ya mbao tupu. Akamaliza. Akakaa kitako kando ya dimbwi lake, akainua uso, na akaanza kutikisa mkia.

Alikuwa anangoja samaki.

Nilikaa pale na masizi yangu mashavuni, mdomo wazi ingawa ulikuwa unauma kuufungua. Sijui kama mmewahi kushtuka mpaka masikio yakavuma. Siku zote zile, makofi yote yale, hakuwa amekosa kitu. Alikuwa ametii. Baba alikuwa amempa amri kutoka juu ya mashini, mara ngapi kwa siku, naye aliitii kadiri maji ya tumboni yalivyoruhusu, kisha jioni baba yule yule alikuja kumpiga kwa sababu ya kumtii. Hiyo ndiyo ilikuwa maana ya macho yale. Yalikuwa yanauliza.

Nilimkimbilia mama. Nilimweleza yote, maneno yakigongana.

Aliweka kiganja kwenye paji langu. "Ni homa," alisema. "Rudia ulale."

"Mama, hapana homa, ni baba! Ni honi ya baba!"

"Numbi! Usitie baba yako mu mambo ya imbwa."

Jioni nikajaribu kwa baba. Leo watoto wanawaambia wazazi wao mbele ya wageni kwamba wamevaa vibaya. Sisi kumwambia baba kwamba amekosa ilikuwa sawa na kumvua kofia. Nilisimama mbele yake na mashavu yangu meusi, nikasema nilichosema. Aliniangalia muda mrefu. Nilifikiri ananisikia. "Mutoto hapana kufundisha baba yake kazi," alisema, bila ukali, akainuka kwenda kunawa.

Siku ya tano, Ijumaa, ikafika. Mjomba alitangulia stesheni na vikapu vyake. Baba alikuwa kazini, na kazi yake siku hiyo ilikuwa kupanga mabehewa ya treni ile ile. Mama alivaa kitambaa chake cheupe, maana hakwenda stesheni bila kuvaa vizuri, tukashika sanduku yeye huku na mimi huku, Moshi ndani akichungulia kati ya mbao. Nililia njia nzima. Watu walidhani ni matumbwitumbwi, wakaniambia pole.

Jukwaa la stesheni lilikuwa limemwagiwa maji na kufagiliwa. Mkubwa wa stesheni alikuwa amesimama mlangoni kwake na koti lake lenye vifungo vinavyong'aa. Mjomba Banza alikuja kulipokea sanduku. Hapo nilifanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya: nilimshika mama mkono mbele za watu, nikamzuia.

"Mama, umutoe nje. Mara moja tu. Uangalie na macho yako. Kama nasema bongo, kama ni uongo, utanipiga."

Sijui kilichomlainisha. Labda uso wangu ulivyokuwa wa kutisha. Alishusha pumzi, akafungua mlango mdogo, akamtoa Moshi na kumweka chini, akashika kamba. Moshi alijinyoosha, akanusa kiatu cha mama, akanusa vikapu vya mjomba kwa hamu kubwa, akakaa. Hakuonyesha haja yoyote. Tulisimama. Mama alianza kuninunia.

Upande wa yadi mashini ilipumua. Ikalia: mmoja mrefu, ukapanda. Miwili mifupi.

Moshi alisimama, akachuchumaa katikati ya jukwaa lililofagiliwa, mbele ya mkubwa wa stesheni, akafanya kazi yake mpaka mwisho. Kisha akakaa kitako, akainua uso kwa mama yangu, akatikisa mkia.

Mkubwa wa stesheni alisema kitu kwa Kifaransa, kwa hiyo sikuelewa. Mama hakumsikia. Alikuwa anamtazama Moshi. Kisha alitazama yadi, ambako moshi mwingine, wa mashini, ulikuwa unapanda juu ya mabehewa.

Honi ikalia mara ya pili. Moshi akashtuka, akachuchumaa tena. Hapakuwa na kitu tena tumboni, lakini alichuchumaa, akajikaza, akatetemeka miguu. Akakaa. Akainua uso.

"Vidye wami! Mungu wangu!" mama akapiga kelele, mikono kiunoni, stesheni nzima ikageuka. "Kumbe ni baba yenu njo anachafula nyumba yangu!"

Mjomba Banza alikaa juu ya kikapu chake. Alicheka mpaka samaki waliobaki ndani wakaumia. "Dada," alisema alipopata pumzi, "hii imbwa minyi siiwezi. Iko mutu wa reli. Muiache na reli yake." Akapanda treni peke yake, na bado tulimsikia akicheka dirishani treni ilipoondoka.

Mama aliomba ndoo, akaosha jukwaa kwa mikono yake mwenyewe. Kisha akafungua mfuko wa chakula cha safari ambao mjomba alisahau kuubeba, akakata kipande cha samaki, akampa Moshi. "Kwata, shika," alimwambia. "Nilikuwa na deni yako."

Jioni, maji ya bukari yakiwa motoni, baba aliingia akakuta sanduku limerudi mahali pake. Alisimama na kofia mkononi. Mama alimweleza. Hakupaza sauti, na hakuongeza chumvi, ingawa chumvi alikuwa nayo. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Nilingoja akatae. Alikwenda kwenye sanduku, yeye mzee wa kanisa aliyepiga magoti kwa Mungu tu, akapiga magoti juu ya sakafu nyekundu na nguo zake za kazi zenye mafuta, na mama hakumkemea. Akafungua mlango mdogo. Moshi alirudi nyuma, akabana pembeni.

"Ulikuwa unanisikia," baba alisema polepole. "Kila mara ulikuwa unanisikia. Na minyi nakupiga juu ya ile."

Alinyoosha mkono, akauacha hapo, hakumgusa. Maji ya bukari yalikauka motoni na hakuna aliyetuita kula. Mwishowe Moshi alikuja akaunusa mkono ule, akaulamba mafuta ya mashini. Baba alifuta uso kwa mkono wake wa pili. Nilikuwa sijawahi kumwona baba akilia, na nilishtuka kuliko nilivyoshtuka mbele ya sanduku.

Filimbi ya bati mama aliitupa chooni, mbele yetu sote, na hakuna aliyeitetea. Lakini honi ya mashini usingeweza kuitupa chooni. Baba hakuweza kubadili mkono wake; wafungaji wa mabehewa waliujua ule, na vidole vyao vilikuwa hatarini. Basi mama akaweka sheria: honi ya baba ikilia, aliye karibu na mlango wa nyuma anaufungua, kila mara, hata kama ana unga mikononi. Moshi akatoka mbio, akafika ukutani, akarudi. Sanduku likakauka. Hata wamama wa maombi walirudi, na wao wenyewe, katikati ya wimbo, honi ikilia, aliyekaa nyuma alinyoosha mkono akafungua mlango bila kuacha kuimba.

Ilibaki Jumapili. Jumapili baba hakufanya kazi. Mashini aliishika mwingine, mwenye mkono mwingine, ambao Moshi hakuujali kabisa. Jumapili ya kwanza baada ya filimbi kutupwa, tulikuwa tumevaa tayari kwa kanisa, na Moshi amekaa mbele ya mlango uliofunguliwa wazi, tumbo gumu, anamtazama baba. Tulimtoa kwa kamba. Akakaa kwenye nyasi, anamtazama baba. Kengele ya kanisa ikalia. Majirani walikuwa wanapita njiani na vitabu vyao vya nyimbo.

Baba, na tai yake shingoni na Biblia kwapani, alitazama kushoto, akatazama kulia. Akanipa mimi Biblia. Akaweka viganja mdomoni, akainua kichwa, akalia kama mashini. Mmoja mrefu, ukaanzia chini ukapanda. Miwili mifupi.

Njia nzima ilisimama. Mke wa shemasi alikamata mkono wa mumewe. Moshi akakojoa kwa furaha kubwa, na baba akatoa mfukoni mwa koti lake la kanisa kipande cha samaki mkavu, akainama akampa. Kisha akachukua Biblia yake, akasema, "Twende," na akatembea mbele yetu na uso wake wa siku zote. Ila mama, nyuma yake, alikuwa ameweka kitambaa mdomoni na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Alifanya hivyo kila Jumapili maisha yote ya Moshi. Watoto wa kambi walikuja kungoja kwenye ua ili wamsikie. Na Moshi alipokufa, mzee, masikio yake bado makubwa, kwa Jumapili nyingi baba alitoka na tai yake akasimama kidogo kwenye nyasi karibu na ukuta. Hakulia honi. Alisimama tu, halafu akasema, "Twende."

Siku hizi watoto wa Kamina wanajua sauti za pikipiki. Wanaweza kukuambia ni pikipiki ya nani kabla haijapinda kona, na hilo siwezi kulibeza, kwa kuwa sisi nasi tulikuwa hivyo hivyo na mashini zetu. Lakini yadi imeota majani. Zinaweza kupita wiki juu ya wiki bila treni kuonekana, na mbwa kama Moshi angekufa kwa kujizuia. Mbwa wa mjukuu wangu hana tatizo hilo. Anakojoa anapotaka, hata kwenye godoro lake, na mjukuu wangu anatafuta kwenye simu sababu yake.

Mwanzoni mwa mvua zilizopita alikuwa amekaa nami, ananieleza tena, nami nakunywa chai. Mara honi ikalia kutoka upande wa stesheni. Mrefu. Yeye na vijana wengine wa nyumbani waliruka, wakatoka wote kwa mlango wa mbele na simu zao juu, kwenda kupiga picha treni. Nyumba ikawa kimya. Nilipojitambua nilikuwa nimesimama jikoni, kikombe bado mkononi, na mkono wa pili ulikuwa umeshafungua mlango wa nyuma.